Guni

Vidole viwili juu ya kifundo changu cha mkono,
jicho kwenye saa ya ukutani,
Daktari Zuwena hasemi neno dakika nzima,
kisha anaanza upya.
Ndiye aliyemtibu mamangu pumu,
ndiye aliyenizalisha Hamdu.
"Bi Mafunda," ananambia, "huu moyo wako ni guni."

Nikacheka. Sie watu wa Wete
mtoto hajajua kufunga vifungo vya kanzu
keshajua kuhesabu mizani:
nane huku, nane kule, pumzika.
Nikajishika mwenyewe.
Tatu. Moja. Kimya.
Kisha tano zakimbizana
kama watoto wa chuoni mwalimu katoka nje.
Hapana kina. Hapana kituo.

Kumbe ndiyo maana, miezi yote ile,
nikipanda kilima cha sokoni
nikisimama kila duka
najifanya natazama bei ya khanga.

Akanipa vidonge vya buluu, na barua.
Nikavuka hadi Unguja, Mnazi Mmoja.
Daktari Ussi, bingwa wa moyo, akaikunjua karatasi
yenye vilima vilivyochorwa na mlevi.
"Mpapatiko," akasema. "Wenyewe si wa kuua.
La kuogopa ni damu kutuama chumba cha juu,
ikaganda kama uji uliosahauliwa,
bonge likapanda kichwani."
Nikamuona shangazi Subira:
nusu ya mdomo ikicheka,
nusu haimo.

Akanipa vidonge vya waridi.
Barua hakuisoma; ilibaki mkobani, imekunjwa.
Nami sikuuliza.
Huyu kavaa koti, na yule kavaa koti,
nani mie?
Asubuhi buluu, usiku waridi,
mtiifu kama mtoto wa kwanza.

Siku ya kumi na tisa nashona kofia ya viua,
ya bwana harusi wa Mtambwe,
sindano ikanichoma.
Si jambo. Miaka thelathini nachomwa,
nanyonya kidole, naendelea.
Lakini tone likaja, na jingine,
adhuhuri ikaadhiniwa, likaja,
alasiri ikaadhiniwa,
na kitambaa cheupe kimefanya ua nisilolishona.

Hamdu akanipakia pikipiki.
Daktari Zuwena akavimwaga vidonge mezani,
buluu huku, waridi kule,
akavitazama.
"Dawa moja hii, rangi mbili.
Hapa tumekosea sisi."
Sijapata kumsikia daktari akisema vile.

Akapiga simu Unguja, sauti nje, nami nimekaa.
"Aje kwangu kila mwezi," akasema Ussi.
"Kwa nauli ya nani? Kidole nitamchoma mimi.
Nambari nitakutumia, kipimo tuamue pamoja."
"Na mchicha asile."
"Atakula! Mwanamke wa Pemba umkataze mchicha na kisamvu?"
Wakabishana juu ya chungu changu
kama mawifi.
Mwisho: nile, ila kiasi kile kile, wiki kwa wiki.

Hamdu akatoa daftari lake la skuli,
lenye jedwali la kuzidisha nyuma.
Safu ya kwanza mwandiko wa Zuwena, umelala ubavu.
Ya pili, maneno ya Ussi; siku nikivuka
huandika mwenyewe, nyayo za kuku.
Ya tatu wakaniachia mie:
*Jumanne nilisahau.*
*Wifi kaniletea dawa ya mizizi, sikunywa.*
*Nilinyonga baiskeli ya Hamdu hadi kisimani, msinigombe.*

Moyo haukutengenea. Bado ni guni,
na bingwa hakuniahidi vina.

Ile kofia niliipaka mate yangu mwenyewe;
bibi alinifunza, damu yako huijua mate yako.
Ikatoka. Si yote.
Pale palipobaki nikashona kiua,
kimoja zaidi ya hesabu.
Bwana harusi kaivaa, watu wakaisifu,
na hakuna aliyehesabu.